Jiwe Lililochongwa na Jiwe Lililopasuka Lenyewe

Katika miaka ya 1920, Edward James Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya uchunguzi wa miamba ya Uganda, alikusanya mawe ya mviringo kutoka katika changarawe za kale za bonde la mto Kafu, magharibi mwa nchi hiyo. Baadhi yalikuwa yamebanduka upande mmoja, mengine pande mbili, mengine tatu. Aliyapanga kwa ngazi, kuanzia lile lenye kovu moja hadi lile lenye makovu mengi, na katika mpangilio huo akaona binadamu akijifunza hatua kwa hatua kulichonga jiwe. Ufundi huo ukaitwa Kafuani, ukawekwa chini kabisa ya ngazi ya historia ya kale ya Afrika, chini hata ya zana za Olduvai, na kwa zaidi ya miaka 30 wasomi waliutaja kama mwanzo wa mambo yote. Kisha mwaka 1958 mwanaakiolojia J. Desmond Clark akaeleza alichokiona katika korongo la Batoka, mto Zambezi unakopita baada ya maporomoko ya Victoria: mawe ya mviringo yanayoporomoka kutoka juu ya korongo hupasuka yakigonga miamba ya chini, na yakipasuka hupata makovu yale yale, moja, mawili, matatu. Mwaka 1959 mwanajiolojia W. W. Bishop, aliyeichunguza upya Kafu yenyewe, akafikia uamuzi kwamba hakukuwa na sababu ya kudai mkono wa mtu pale. Ufundi wa Kafuani ukafutwa vitabuni, na leo hata wanafunzi wengi wa akiolojia wa Afrika Mashariki hawajawahi kulisikia jina lake.

Wayland alikuwa ameishi na mawe maisha yake yote ya kazi, na aliyajua kuliko wengi wetu tutakavyoyajua. Kilichomponza ni namna ya kuchagua. Bonde la mto lina mawe kwa maelfu, na yaliyopasuka kati yake hayahesabiki. Ukiyapita yote ukaokota yale tu yanayofanana na zana, ukayapanga kutoka lililo duni hadi lililo bora, utapata ngazi ya maendeleo hata kama hakuna aliyewahi kulishika jiwe lolote kati ya hayo. Ngazi hiyo itakuwa imetengenezwa na mkono wa mwokotaji. Ndiyo maana wanaakiolojia wamelazimika kubuni jina la jiwe linalofanana na zana huku likiwa limeumbwa na nguvu za ardhi, maji, moto au jua: wanaliita jiofakti, tofauti na atifakti, yaani kitu kilichotengenezwa. Mpaka kati ya viwili hivyo ni mgumu kuliko unavyodhaniwa, na ili kuuona inabidi kuanzia kwenye jambo la msingi kabisa, nalo ni jinsi jiwe linavyovunjika.

Mawe yanayofaa kuchongwa ni yale yasiyo na mishipa wala matabaka yanayoiongoza mipasuko. Ulaya walikuwa na gumegume, jiwe gumu linalotoa cheche likigongwa. Kwetu kuna obsidiani, kioo cheusi cha volkano kinachopatikana kuzunguka Naivasha na mlima Eburru. Kuna lava yenye chembe ndogo. Kuna kwatzi na kwatzaiti. Jiwe la namna hiyo likipigwa kwa jiwe jingine karibu na ukingo wake, nguvu ya pigo huingia ndani ikitanuka kama koni, kisha hujikunja na kutokea upande wa pili, na kipande chembamba hubanduka. Kipande hicho ni kibanzi, na kilikotoka tupaite jiwe mama. Juu ya kibanzi hubaki sehemu ndogo iliyopokea pigo, ambayo hapa nitaiita kitako. Chini kidogo ya kitako, kwenye uso wa ndani ambao muda mfupi uliopita ulikuwa umeshikana na jiwe mama, huwa pana kinundu kilichovimba, na kutoka kwenye kinundu hicho hutawanyika mawimbi hafifu, kama yale ya maji yaliyorushiwa kokoto. Jiwe mama nalo hubaki na alama iliyo kinyume: shimo dogo mahali pa kinundu, na kovu refu la umbo la kibanzi kilichoondoka.

Anayetaka kuziona alama hizi hana haja ya kwenda makumbusho. Kando ya barabara nyingi huwakuta watu, mara nyingi akina mama, wameketi chini ya kivuli cha turubai wakigonga kokoto za kuuza kwa ajili ya ujenzi: mkono mmoja umelishikilia jiwe ndani ya pete ya mpira uliokatwa kwenye tairi ili vipande visiruke usoni, mkono wa pili una nyundo. Omba ruhusa, chagua kipande chenye chembe ndogo kutoka kwenye vumbi lililozunguka lundo, kigeuze upande wake laini kiwe juu, kisha pitisha kidole gumba kuanzia kwenye ukingo mnene kushuka chini. Mara nyingi utakihisi kinundu, uvimbe mdogo kama wa paji la uso wa mtoto aliyejigonga mlangoni. Ukikiinamisha kipande hicho kwenye jua la asubuhi, mawimbi yataonekana. Ukikihamishia mfukoni kikatoboa kitambaa, utakuwa umeelewa kwa nini binadamu wa kale walihangaika na mawe.

Lakini hapo hapo pana mtego. Kokoto ile imetengenezwa na binadamu, ina kitako, ina kinundu na ina mawimbi, wala haikuwahi kuwa zana. Kwa hiyo maswali ni mawili, na mtu akiyachanganya atapotea: kwanza, je, jiwe hili lilipigwa kwa nguvu iliyokusudiwa? Pili, je, aliyelipiga alikitaka kipande hiki, au kilikuwa takataka tu ya kazi nyingine? Vibanzi vingi vinavyochimbuliwa katika maeneo ya kale ni takataka ya kuchonga, kama vipande vya mbao chini ya meza ya seremala, na thamani yake kwa mtafiti ni kubwa vilevile. Kwa msomaji wa kawaida, hata hivyo, swali la kwanza ndilo linalosumbua zaidi, kwa sababu asili nayo hupiga.

Nguvu za asili hazivunji mawe kwa namna moja. Moto hupasua kwa namna yake, na yeyote aliyepikia mafiga ameiona: figa lililookotwa mtoni likiwa bado na unyevu ndani huchacha, hulia, kisha kipande huruka. Kipande hicho huwa kimebinuka kama kifuniko cha chungu, na mahali kilipotoka hubaki kishimo cha duara. Kichunguze. Hakina kitako, kwa kuwa hakuna kilichokipiga, hakina kinundu, uso wake wa ndani ni wa chembechembe badala ya kuwa laini, na mara nyingi jiwe zima limejaa nyufa nyembamba kama nywele na limegeuka wekundu au kijivu. Katika nchi za baridi, barafu inayoganda ndani ya jiwe huacha vishimo vinavyofanana na hivyo. Jua na mvua za miaka mingi nazo huyamenya mawe ya graniti, ganda baada ya ganda, na wenyeji wa Mwanza wanaoishi katikati ya miamba yao mikubwa wamezoea kuyaona maganda hayo yamelala chini ya mwamba bila kumshuku mtu yeyote.

Maporomoko na mito ni wadanganyifu wakubwa zaidi kwa sababu wao wanapiga kweli. Jiwe likidondoka mita nyingi likakutana na jiwe jingine, fizikia ya pigo ni ile ile ya mchongaji, na kibanzi kinachotoka kinaweza kuwa na kila alama niliyoitaja. Ndicho kilichotokea Batoka. Tofauti huonekana katika jumla ya mapigo. Mto hugonga pande zote bila upendeleo, hugonga pia mahali ambapo pigo halina faida, na kwa kuwa hugonga kwa karne nyingi, makovu yake huwa na umri tofauti: moja limesagika na kuwa laini kabisa, jirani yake lina ukingo unaokata. Mchongaji humaliza kazi yake kwa dakika chache, hivyo makovu yote huzeeka pamoja. Ukikuta jiwe lenye makovu matano, na kila moja lina rangi yake na kiwango chake cha kulika, lina historia ndefu ya kubingirika. Vivyo hivyo, mawe yaliyokanyagwa na tembo au makundi ya ng'ombe hubanduka kwenye kingo, lakini vijikovu vyake huwa vimetapakaa huku na huko, vingine upande wa juu, vingine upande wa chini, bila kufuatana kama meno ya msumeno yanavyofuatana.

Ulaya ilipitia mgogoro huu kabla yetu. Mwishoni mwa karne ya 19, Benjamin Harrison, mwenye duka la vyakula katika kijiji cha Ightham huko Kent, Uingereza, alikusanya vipande vya gumegume vilivyomeguka kingo, akaamini kwamba ni zana za watu wa zama za mbali mno. Vikaitwa eolithi, kwa maana ya mawe ya alfajiri. Mabingwa waliheshimu madai hayo, wengine wakayatetea kwa miongo kadhaa. Mwaka 1905 Marcellin Boule wa Ufaransa aliwajibu kwa kuwaonyesha kiwanda cha saruji karibu na Mantes, ambako mashine za kuvurugia chokaa na maji zilikuwa zikiyazungusha mawe ya gumegume kwa saa nyingi, na mwisho wa siku zilitoa eolithi nzuri kabisa ambazo hakuna aliyekusudia kuzitengeneza. Hapo tena, jiwe moja moja halikuweza kuamua ugomvi.

Aliyeleta kipimo ni Alfred Barnes, katika makala yake ya mwaka 1939. Aliacha kuuliza kama jiwe linafanana na zana, akaanza kupima pembe. Hoja yake inaeleweka kwa urahisi ukiwa na jiwe mkononi: mchongaji hawezi kutoa kibanzi kizuri kwenye ukingo wenye pembe ya nyuzi 90 au zaidi, kwa kuwa nguvu ya pigo huzama ndani ya jiwe na kuishia humo, basi hutafuta pembe kali, hupiga hapo, na kila anapoondoa kibanzi huitazama pembe inayofuata. Mawe yanayobanwa na uzito wa udongo, au yanayosukumana chini ya mto, hayachagui. Kingo zake humeguka hata penye pembe butu. Barnes alipendekeza kwamba katika mkusanyiko wa zana halisi, pembe zilizo butu zisizidi asilimia 25 ya pembe zote zilizopimwa. Angalia neno mkusanyiko. Kipimo chake hakikusudiwa jiwe moja, na wanaokikosoa wanakumbusha pia kwamba kilitokana na gumegume, ilhali kwatzi, ambayo ni malighafi ya kawaida sehemu nyingi za Afrika Mashariki, huvunjika kwa ukaidi, ikitoa vipande vya pembe pembe visivyo na kinundu kinachoonekana hata pale inapochongwa na fundi. Mimi binafsi nadhani thamani ya Barnes iko zaidi kwenye fikra kuliko kwenye asilimia: alilihamisha swali kutoka kwenye macho ya mtazamaji hadi kwenye uamuzi wa mpigaji.

Macho ya mtazamaji, kwa kweli, hudanganya kwa pande zote mbili. Hans Reck, Mjerumani aliyefanya kazi katika bonde la Olduvai mwaka 1913, aliondoka na mifupa mingi ya wanyama wa kale bila kuona zana. Mwaka 1931 alirudi pamoja na Louis Leakey, ambaye aliwekeana naye dau la pauni 10 kwamba atapata zana ndani ya saa 24 za kufika, na dau hilo Leakey akalishinda. Reck alikuwa amezoea zana za gumegume za Ulaya, na Olduvai hakuna gumegume; zana za pale ni za lava na kwatzaiti, zenye rangi ya udongo na miamba inayozizunguka, na mtu asiyejua atafute nini huzipita kama anavyopita mawe mengine. Leakey huyo huyo, zaidi ya miaka 30 baadaye, aliunga mkono uchimbaji katika vilima vya Calico, California, akiamini kwamba vipande vilivyotoka ndani ya changarawe nzito za pale ni zana za kale kuliko binadamu yeyote aliyejulikana katika Amerika. Mkewe, Mary, hakukubaliana naye. Mwaka 1973, Leakey akiwa ameshafariki, C. Vance Haynes alieleza kwamba mahali penye mawe mengi namna ile yakigongana ndani ya mtiririko wa changarawe, asili peke yake inatosha kuvitoa vipande hivyo. Jicho lililoona sawasawa Olduvai liliona visivyokuwapo Calico, wala halikuwa limezeeka. Mazingira ndiyo yaliyokuwa tofauti.

Kuna zana ambazo hazihitaji mabishano haya. Mtu akishuka kwenye korongo la Isimila, karibu na Iringa, mahali maarufu kwa nguzo zake za udongo, au akitembelea Olorgesailie kusini-magharibi mwa Nairobi, au Kariandusi karibu na ziwa Elmenteita, atayaona mashoka ya mkono yamelala kwa makumi: mawe yenye umbo la tone la maji, yamebanduliwa pande zote mbili, kingo mbili zinakutana kwenye ncha, na upande wa kulia unalingana na wa kushoto. Mto unaweza kulipasua jiwe mara 30. Kulipasua mara 30 huku kila pasuko likiusogeza ukingo kuelekea umbo moja, kisha kurudia umbo hilo hilo kwenye jiwe la pili, la kumi na la mia, ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kuona likifanywa na maji. Aina hii ya zana ilianza miaka milioni 1.76 hivi iliyopita, kwa mujibu wa zile za Kokiselei, magharibi mwa ziwa Turkana. Ugumu wote uko kwenye zana za kabla yake na zile duni zilizoendelea kutengenezwa sambamba nazo: jiwe la mviringo lililotolewa vibanzi vitatu au vinne, na vibanzi vyenyewe. Hizo ndizo zinazofanana na mawe ya Wayland, na hizo ndizo zinazohitaji ushahidi kutoka nje ya jiwe lenyewe.

Ushahidi wa kwanza ni udongo. Chembe laini za tope na mchanga mwembamba hutua mahali ambapo maji yanatembea polepole, na maji ya namna hiyo hayana nguvu ya kubeba jiwe la kilo moja, sembuse kulipasua. Kwa hiyo jiwe zito lililopasuka, likikutwa ndani ya tope laini, linauliza swali: nani alilileta? Katika korongo la Batoka au vilima vya Calico swali hilo halizuki, kwa sababu mawe yamejaa kila mahali na chanzo cha nguvu kinaonekana. Ni vigumu kutia chumvi umuhimu wa jambo hili. Ukiniwekea mezani vibanzi viwili vinavyofanana kama mapacha, kimoja kimetoka kwenye lundo la changarawe chini ya maporomoko na kingine kwenye tope la ukingo wa ziwa la kale, nitakitilia shaka cha kwanza na kukisikiliza cha pili.

Ushahidi wa pili ni asili ya jiwe lenyewe. Karibu na Olduvai kuna kilima kiitwacho Naibor Soit, jina la Kimaasai lenye maana ya jiwe jeupe, na kwatzaiti yake inatambulika. Vipande vyake vinapokutwa kilomita kadhaa kutoka kilimani, katika tabaka ambalo hakuna mto ungeweza kuvifikisha, vilibebwa. Mary Leakey, katika kazi yake kubwa ya mwaka 1971 kuhusu tabaka za chini za Olduvai, alihesabu pia mawe mengi ambayo hayakuchongwa, akiamini kwamba yaliletwa na viumbe wa wakati huo kama akiba. Mwaka 2005 Ignacio de la Torre na Rafael Mora walipoyachunguza tena walihoji kwamba mengi yake yangeweza kuwa yamekuwapo pale kwa njia za asili. Zana za Olduvai hazikutikiswa na mjadala huo, lakini idadi ya mawe yanayohesabiwa kuwa ya watu ilipungua, na inatia moyo kuona kwamba hata eneo lenye heshima kubwa kiasi hicho huhesabiwa upya.

Ushahidi wa tatu ndio unaonivutia kuliko mingine yote. Huko Lokalalei, magharibi mwa Turkana, kwenye eneo la miaka milioni 2.34, kikundi cha Hélène Roche kilikusanya vibanzi na mawe mama, kikaketi kuvirudisha mahali pake kama mtu anayeunganisha chungu kilichovunjika. Vilikubali. Kibanzi kilikaa juu ya kovu lake, kingine juu ya hicho, hadi jiwe la mtoni likarudi karibu zima, na mlolongo wa maamuzi ukasomeka kinyumenyume: mchongaji alianzia wapi, aliligeuza jiwe lini, ni uso upi aliupiga tena na tena kwa sababu pembe yake ilimpa vibanzi vizuri. Baadhi ya mawe yalikuwa yametolewa hata vibanzi 30. Mawe yanayopasuka yakidondoka korongoni hayawezi kutoa habari ya namna hiyo, kwa kuwa hakuna anayeyageuza.

Sasa msomaji anaweza kuelewa mabishano ya Lomekwi 3, eneo jingine la magharibi mwa Turkana, ambalo kikundi kilichoongozwa na Sonia Harmand kililigundua mwaka 2011 na kulitangaza mwaka 2015. Mawe yake yanasemwa kuwa na umri wa miaka milioni 3.3, yaani laki saba zaidi ya zana za Gona, Ethiopia, ambazo kwa muda mrefu zilishika nafasi ya kwanza. Ni makubwa mno. Moja lina uzito wa kilo 15. Udongo wake ni laini, kwa hiyo maji hayakuyaleta, na kibanzi kimoja kilirudi kwenye jiwe lake. Hata hivyo wapo wanaohoji, na hoja yao kuu inahusu mahali: mawe mengi yaliokotwa juu ya ardhi au kwenye mteremko, na yaliyochimbuliwa kutoka ndani ya tabaka lenyewe ni machache, hivyo wanauliza kama yote ni ya umri wa tabaka hilo. Mtu anaweza kukubali kabisa kwamba jiwe limechongwa na bado akakataa umri wake. Hilo ni swali la tatu, juu ya yale mawili niliyoyataja kwenye kokoto.

Na kama haya hayatoshi, nyani wameingia kwenye kesi. Katika hifadhi ya Serra da Capivara nchini Brazil kuna kima waitwao kapuchini ambao hulichukua jiwe la kwatzaiti na kuligonga kwa nguvu juu ya jiwe jingine, kisha hulamba vumbi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba vipande vinavyoruka vina kinundu, vina kingo kali, na baadhi ya mawe mama yana makovu yanayofuatana. Kima hawavitumii vibanzi hivyo, huviacha palepale. Mwaka 2023 ikaelezwa kwamba makaku wa Thailand, wanapovunja kokwa za michikichi kwa mawe, nao huangusha vibanzi bila kukusudia. Ni kokoto tena: pigo limekusudiwa, kibanzi hakikukusudiwa. Tangu hapo, swali la kama jiwe lilipigwa na kiumbe limetengana na swali la kama kiumbe huyo alitaka makali, na jibu la swali la pili hutafutwa kwingine, kwa mfano kwenye mifupa yenye alama za kukatwa. Nyayanga, kwenye rasi ya Homa upande wa Kenya wa ziwa Victoria, ina umuhimu wake kwa sababu hiyo, kwani zana zake za miaka kati ya milioni 2.6 na 3 zilikutwa pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa.

Tukirudi kwa mtu aliyeokota jiwe shambani, mengi anayoweza kuyaamua mwenyewe ni ya kuondoa, na kuondoa ni kazi ya maana. Jiwe laini la mviringo linalokaa vizuri mkononi si ushahidi wa kitu chochote. Mito yote hutengeneza mawe kama hayo, na kiganja cha mtu hukubali karibu kila jiwe kikiligeuza vya kutosha. Pwani, vipande vya matumbawe vyenye tundu safi la duara mara nyingi vimetobolewa na chaza watoboao mawe, ingawa vinafanana sana na vizito vya nyavu. Vibanzi vyenye makovu meupe, mabichi, kwenye jiwe lililofunikwa na utando wa rangi ya zamani, ni vya jembe la trekta, greda au gurudumu la lori. Mraba mdogo wa gumegume ukiokotwa kwenye njia za zamani za misafara umechongwa kweli, tena kwa ustadi, lakini huenda ukawa jiwe la bunduki ya gumegume lililokuja kwa meli katika karne ya 19. Kinachobaki baada ya kuondoa hayo, kama kina kitako na kinundu, kama kina makovu yenye umri mmoja yanayotoka upande mmoja na yanayofuatana, kama ni cha jiwe lisilopatikana karibu, na kama kuna vingine kama hicho ndani ya hatua chache, kinastahili kuonwa na mtaalamu.

Hapo ndipo wengi hukosea kwa nia njema, kwa kukitia kwenye mfuko na kukipeleka mjini. Sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Lakini hata pasipo sheria, jiwe lililoondolewa limeacha nyuma tope lililolishika, majirani zake na kina chake. Picha mbili zenye sarafu kando yake, moja ya karibu na nyingine inayoonyesha mahali pote, pamoja na alama ya mahali kwenye simu, humpa mtaalamu zaidi ya jiwe lenyewe. Jiwe likifika peke yake juu ya meza ya ofisi, likiwa limeoshwa na kung'arishwa, jibu la kweli analoweza kulitoa mtaalamu ni kwamba huenda ni zana na huenda si zana, kisha atauliza lilikuwa limelala wapi.